Uzoefu wangu na Tae Bo ya Billy Blanks, nikiwa hapa Mbeya

Kwa wanaotaka jibu fupi kama Tae Bo, yale mazoezi ya kupiga ngumi na mateke hewani kwa mziki, inafaa: haya mazoezi nayakubali, nayapenda, na ningekuwa na uwezo ningemshika mkono kila mama anayekaa kwenye kiti kutwa nzima nimpeleke mbele ya tv aanze leoleo. Na kinachonifanya niyakubali sio jasho, maana jasho hata ukipandisha mlima Loleza utalipata tena bure, ni Billy Blanks, yule Mmarekani aliyeyatunga na anayefundisha kwenye video, na namna anavyofundisha. Mtanivumilia itakuwa ndefu kidogo, huwezi kuielezea Tae Bo ukamwacha Billy Blanks pembeni.

Mi ni fundi cherehani, nipo Mwanjelwa, kazi yangu ni ya kukaa. Ikifika msimu wa sare za shule au msimu wa harusi ndo usiseme, unakaa toka asubuhi mpaka giza linaingia, shingo imeinama, mguu kwenye pedeli, ukija kusimama kiuno kinagoma kunyooka na nyonga imekaza mpaka hatua za kwanza unatembea umepinda. Mafundi wenzangu wanayajua haya maumivu, tumezoea kuazimana dawa za kuchua basi. Joging hapa Mbeya zipo, wikiendi utawaona na tisheti zao za klabu wanashuka barabarani wanaimba, na ikifika Tulia Marathon unaona mji mzima umevaa raba, lakini kwa mtu mwenye watoto wa kuandaa shule na hii baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba kutoka nje alfajiri ni mtihani. Gym nayo nilishawahi kujiunga, gym moja hapa mjini, kocha ana misuli kweli ila anakuonyesha zoezi mara moja anaenda kukaa na simu, ukikosea ni shauri yako. Nikaacha. Ndo mdogo wangu wa kiume, yeye anacheza karate, akaniwekea hii kitu sebuleni akasema dada jaribu hii, huyu mzee anajua kufundisha.

Nilivyomwona tu nikasema mbona huyu namjua! Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video hatuwezi kumsahau, yule mweusi mwenye kipara na kifua kama ukuta, kwenye sinema za ngumi za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 80 alikuwa adui, anampa steringi kichapo mpaka unamwonea huruma, baadaye akaja kuwa steringi mwenyewe. Nilijua ni mwigizaji tu basi. Kumbe kabla ya sinema alikuwa bingwa haswa, na ualimu ndo uliokuja kumpa jina kubwa kuliko hata hizo sinema zenyewe.

Kwao ni Erie, Pennsylvania, huko Marekani, kazaliwa 1955, mtoto wa nne kati ya watoto 15. Na alizaliwa na hitilafu kwenye nyonga, mwendo wake haukuwa kama wa wenzake, ndugu zake wakawa wanamtania, na hata mwalimu wake wa karate wa mwanzo hakumtegemea kufika popote. Shuleni nako kusoma kulimtesa kwa sababu ana disleksia, ile hali herufi zinamchanganya mtu wakati akili anazo timamu. Huyohuyo mtoto wa nyonga mbovu ndo 1975 akachukua ubingwa wa AAU, ule umoja wa michezo ya ridhaa wa Marekani, akawa nahodha wa timu ya karate ya Marekani, na mpaka leo anatambulishwa kama bingwa wa karate wa dunia mara saba. Na haikuishia kwenye mateke, akaingia kwenye ndondi, mwaka 1984 akabeba ubingwa wa Golden Gloves, yale mashindano ya ndondi za ridhaa, wa jimbo la Massachusetts. Yani mtu ana mateke ya ubingwa na ngumi za ubingwa kwenye mwili mmoja, na Tae Bo ukiitazama vizuri ndo hicho hicho, mateke ya taekwondo na ngumi za ndondi vimewekwa juu ya mziki.

Mimi ile habari ya nyonga ndo ilinishika. Kwa sababu ukimwangalia anavyofundisha teke unaelewa kabisa huyu ni mtu ambaye nyonga haikumpa kitu bure, alilazimika kujua kila kiungo kinaenda wapi. Chukua lile teke la pembeni. Mwingine angekuambia inua mguu piga, kwisha habari. Yeye anakugawia vipande. Kwanza unahamishia uzito wote kwenye mguu mmoja, na goti la huo mguu liwe limelegea kidogo, usilifunge. Halafu unapandisha goti la pili juu mbele yako, hapo tumbo limekaza, mikono iko usoni. Halafu ule mguu uliosimamia unageuza kisigino kielekee kule unakopiga, na hapa ndo siri yote ilipo, kisigino kikigeuka nyonga inafunguka yenyewe na mguu unatoka umenyooka bila kukwama, kisipogeuka unajinyonga goti na mgongo unalipia. Unasukuma kwa kisigino, sio kwa vidole. Unarudisha goti palepale lilipokuwa, ndo unashusha. Mtu anayekaa kwenye cherehani akifanya hilo teke taratibu, ameshika kiti, anasikia kabisa pale palipokaza panavutika. Mi wiki za kwanza ndo nilikuwa nafanya hivo tu, nashika kiti, goti juu, geuza, sukuma, rudisha, wala sijali wenzangu kwenye tv wako wapi.

Ngumi nazo hivohivo. Jebu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, inatoka begani lakini inaanzia mguuni, kiuno kinazunguka, mkono unaenda na unarudi usoni, sio unaenda unaanguka. Mdogo wangu akikaa kwenye kochi kazi yake moja tu, dada mkono umeshuka, dada mkono umeshuka, na namshukuru kwa hilo. Kiwiko usikinyooshe mpaka kilie, hasa ukiwa unapiga hewa maana hamna kitu cha kuizuia ngumi, hiyo ndo inaumiza watu halafu wanasema zoezi baya.

Halafu hesabu. Kila kitu kinaenda kwa nane. Nane taratibu, nane nyingine, halafu anakwambia ongeza, hapo inakuwa mara mbili ya kasi, halafu mnahamia upande wa pili mnaanza upya. Hii hesabu ya nane ukishaizoea huhitaji kujua kiingereza, mama mkwe wangu hajui neno hata moja na anafuata vizuri tu, anasikiliza mdundo. Na pale nyuma yake kwenye video sio wote wana miili ya magazetini, kuna wanene, wembamba, watu wazima, kuna wanaokwenda polepole, na yeye anapita katikati yao anawaangalia, anawatia moyo. Kitu kidogo ila kwa mtu anayeanza ana mwili mkubwa kinampa moyo sana.

Sasa mniruhusu niseme lililo moyoni. Mabingwa wapo wengi, hata mikoa yetu hii ya nyanda za juu tuna vijana wametwanga ngumi na mateke mpaka wakavaa medali, halafu mchezo ukiisha unamkuta yupo yupo tu, au anaishia kulinda mlango wa baa, na inauma. Kumbe kile anachokijua kina thamani kwa watu ambao hawatapanda ulingoni maisha yao yote, kwa mafundi, wauza nguo, walimu, mama lishe. Billy Blanks alianza kuchanganya ngumi, mateke na mziki kwenye miaka ya 1970, akaendelea kufundisha watu kwenye studio yake kule Los Angeles miaka na miaka, mastaa kama Paula Abdul wakawa wanakuja kwake, ndo mwishoni mwa miaka ya 90 kanda zake za video za Tae Bo zikatangazwa kwenye tv na kuuzwa kwa mamilioni. Na mwaka 2007 Japani nako wakachanganyikiwa na ile programu yake nyingine ya Boot Camp, yenye mikanda ya mpira ya kuvuta. Medali peke yake haikuuza zile kanda. Kilichouza ni kwamba mtu mwenye ujuzi wa juu kabisa alikaa chini akaukata ukawa vipande ambavyo mama wa nyumbani anaweza kuvimeza. Vijana wetu waliostaafu ngumi na karate mnisikie dada yenu, watu wa kuwafundisha tupo na tutalipa, ila mtufundishe kwa uvumilivu kama huyu, msituonyeshe mnavyoweza nyie.

Nirudi kwenye mazoezi. Ushauri wangu wa mpangilio, kwenye zile kanda za mwanzo za 1998 kuna ya mafunzo, kuna ya msingi, kuna ya waliokomaa na kuna fupi ya dakika nane. Anza na ya mafunzo, hiyo usiiruke hata kama unaona inachosha, hiyo ndo anaeleza mguu unakaa wapi. Ya waliokomaa ni ndefu na kasi yake sio ya kitoto, watu wengi wanaanza na hiyo kwa sababu ndo yenye mzuka halafu kesho yake hawawezi kushuka kwenye bajaji. Siku za kazi nyingi mi naweka ile ya dakika nane, asubuhi kabla chai haijachemka inakuwa imeisha na mwili umepata moto, kwa baridi ya huku hata ile ladha ya chai inabadilika.

Gharama ni bando tu, mimi naangalia YouTube usiku bando likiwa nafuu naiseva humo humo kwenye simu, asubuhi naunganisha na tv. Umeme ukikatika simu inatosha, unaiegemeza kwenye kopo la sukari maisha yanaendelea. Raba nimenunua mitumba hapahapa Mwanjelwa, na hapo msibane hela, tafuta raba ambayo soli yake inakubali kugeuka, zile za kukimbilia zenye meno makubwa zinang'ang'ania sakafu na goti ndo linazunguka badala ya kisigino. Sakafu ya simenti tupu hapana, weka kapeti gumu lisiloteleza. Mkeka wetu wa ukindu unakimbia, utaanguka.

Hewa ya huku nayo muikumbuke, Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Sisi tumezoea, ila shangazi alivyokuja kutoka Dar na mazoezi yake ya ufukweni pumzi ilimkata kabla hatujafika kwenye mateke, ikabidi akae, akanywa maji, kesho yake tukaenda nusu. Ukiwa mgeni huku nenda mdogomdogo.

Matokeo sasa. Mgongo umetulia, hili naliweka la kwanza kwa sababu ndo lililonileta. Nakaa kwenye cherehani nikisimama nanyooka. Usingizi mzuri. Ngazi za soko napanda na mzigo wa vitambaa bila kusimama katikati. Kiuno kimepungua, sketi zangu nimezibana mwenyewe, lakini nisiwadanganye, kupungua kumekuja pia kwa sababu usiku nimepunguza ugali na wali wa Kyela, nimeongeza mboga, maharage na maparachichi ya Rungwe ambayo huku tunayo mpaka yanaozea chini. Ukipiga ngumi nusu saa ukaenda kumaliza sahani ya chipsi usimlaumu mtu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki au 75 za mazoezi makali, Tae Bo ukiifanya kwa kasi yake hizo 75 unazifikisha bila kutoka sebuleni.

Kitu kimoja mdogo wangu anakisisitiza na mi nakubaliana naye, usijidanganye kwamba umejifunza kupigana. Hamna mtu mbele yako, hujakwepa ngumi ya mtu, hujapigwa. Ni mazoezi ya mwili yaliyotengenezwa na mpiganaji, anayetaka kujilinda aende dojo, ukumbi wa karate, akafundishwe huko.

Mwenye presha, mwenye goti lililowahi kufanyiwa upasuaji, mjamzito, aliyejifungua juzi, pitia kwanza kwa daktari wako. Na kama magoti yanalalamika ondoa zile za kurukaruka, tembea palepale, mikono iendelee.

Saivi jumapili jioni tunakuwa wamama kadhaa kwangu, mafundi wa upande wetu wa soko, tunasogeza makochi, mdogo wangu anasimama mbele anatuhesabia kwa kiswahili, moja mpaka nane. Nyumba yangu ndogo na tunaanza kujaa, kwa hiyo kama kuna mwenye ukumbi au hata uwanja wenye paa maeneo ya Kabwe, Mafiati au Soweto anayeweza kutukodisha saa moja kwa wiki kwa bei ya kina mama tuongee.