Uzoefu wangu: kujiandaa na LSAT nikiwa Uyole, kozi ya saa nane usiku

Nianze na nilichonunua, maana nikisema nilijiandaa na mtihani wa kuingia shule ya sheria Marekani, watu wanadhani nilipanda ndege. Nilikuwa Uyole hapa hapa Mbeya, chumba cha uani, na kompyuta mpakato ambayo betri yake ilishachoka zamani. Nilinunua vitu viwili. Cha kwanza ni kozi ya mtandaoni ya kampuni moja ya huko, dola 80 kwa mwezi, kwa miezi minne. Cha pili ni LawHub ya kulipia, tovuti ya mazoezi ya LSAC wenyewe, hao wanaotunga mtihani. Nililipa dola 120 kwa mwaka. Kozi naipa nyota mbili. LawHub naipa nne.

Kwa wasioujua utaratibu wao: kwetu mtu akimaliza kidato cha sita na ufaulu wake, anaingia moja kwa moja shahada ya sheria, na akitaka uwakili anakwenda Law School of Tanzania, Dar. Marekani sheria inasomwa baada ya kupata shahada ya kwanza, iwe ya kilimo, iwe ya ualimu, hawajali. Inaitwa JD, miaka mitatu. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza na Historia, kwa hiyo nikaona huo mlango unanihusu. Shule nyingi za huko zinataka alama ya LSAT kabla hazijafungua hata bahasha yako.

Mtihani wenyewe haukuulizi sheria hata moja. Una sehemu nne, dakika 35 kila moja, na mapumziko ya dakika 10 katikati. Sehemu mbili ni mantiki ya hoja, moja ni ufahamu, na moja iliyobaki ni ya majaribio, haihesabiwi, ila hawakuambii ni ipi. Yale mafumbo ya kupanga watu kwenye viti yaliondolewa Agosti 2024, kwa hiyo ukiuziwa kitabu chenye mafumbo hayo ujue umeuziwa makaratasi ya kufungia maandazi. Alama zinaanzia 120 hadi 180, na ukikosa swali hupunguziwi kitu, hivyo usiache hata moja wazi. Kuna na insha, unaiandika siku nyingine. Haina alama lakini shule zinaisoma.

Sasa kozi. Video zao ni nzuri, sikatai, mwalimu anaeleza taratibu na ana ubao safi. Tatizo ni kipindi cha moja kwa moja, kile nilicholipia hasa. Kilikuwa saa moja jioni ya New York, ambayo kwangu ilikuwa saa tisa usiku. Nikawa naamka, najifunga kitenge juu ya sweta, nawasha jiko la mkaa nje nichemshe chai, naingia darasani. Siku moja mwezi wa tatu nimeamka kama kawaida, naingia, nakuta darasa limekwisha na watu wanaagana. Kumbe Marekani wanasogeza saa zao mbele mwezi wa tatu, sisi hatusogezi, kwa hiyo saa tisa yangu ilishageuka saa nane. Hakuna aliyenitumia ujumbe. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba ratiba iko wazi kwenye tovuti, "kwa saa za Mashariki". Mashariki ya wapi, ndugu zangu? Mimi naishi Afrika Mashariki!

Na bando. Video moja ya saa mbili ilikuwa inakula bando la siku tatu. Hakukuwa na namna ya kuipakua ukaiangalia baadaye.

LawHub ni kitu kingine. Hakuna mwalimu wala ubao, ni mitihani halisi iliyopita, zaidi ya 50, kwenye skrini ile ile utakayoikuta siku ya mtihani, na saa ile ile inayohesabu kurudi nyuma. Sisi tuliosoma shule za serikali tunajua thamani ya pasti pepa. Jaribio langu la kwanza nilipata 144. Nikakasirika, nikafanya matatu mfululizo wiki hiyo: 145, 143, 145. Kupiga msuli wa namna hiyo hakusaidii kabisa. Kilichonisaidia ni daftari la kurasa 96 la hapa dukani. Kila swali nililokosa niliandika kwa Kiswahili: mwandishi anadai nini, anadai kwa sababu gani, na mimi nilidanganyikia wapi. Mtihani mmoja ulinichukua siku nne kuusahihisha hivyo. Kasi ikapungua, alama zikaanza kupanda.

Hiyo ya Kiswahili nasisitiza. Istilahi za kozi zilinipita juu ya kichwa hadi siku niliyokwenda Mwanjelwa kununua viazi. Mama muuzaji ananiambia, "Mwalimu, hivi ni vya Uporoto. Angalia udongo, mweusi." Nikamwambia, "Sawa mama, viazi vya Uporoto vina udongo mweusi. Lakini Makete hakuna udongo mweusi?" Akacheka, akasema, "Wewe nunua au uache." Nikasimama pale na kikapu, nikagundua kwamba hilo ndilo swali nililolikosa jana yake usiku, mara mbili. Kila cha Uporoto kina udongo mweusi. Haina maana kila chenye udongo mweusi ni cha Uporoto. Kozi ilitumia video mbili na mishale ya rangi kunieleza jambo hilo, na sikulishika. Toka hapo kila hoja ya aina hiyo daftarini niliipa jina moja tu: viazi. (Nilinunua. Vilikuwa vitamu, vya popote vile.)

Sehemu ya ufahamu sikuwa na shida nayo sana. Mwalimu wa Kiingereza akishindwa na ufahamu arudishe chaki.

Mtihani niliufanya Aprili 2025, kwa kompyuta, msimamizi anakuangalia kwa kamera. Nyumbani sikuthubutu kwa ajili ya umeme. Binamu yangu ana ofisi Soweto ya hapa Mbeya yenye jenereta, akaniachia chumba cha nyuma. Msimamizi alinitaka nizungushe kamera chumba kizima, kuta zote, chini ya meza, nikaonyesha pasipoti, nikaonyesha karatasi zangu nyeupe pande zote mbili. Tukaanza vizuri. Sehemu ya pili, swali la kumi na kitu, mvua ya Mbeya ikashuka kwenye bati. Aliyewahi kukaa chini ya bati mwezi wa nne anajua sauti hiyo. Hata mawazo yako huyasikii. Msimamizi akaandika kwenye kisanduku: kelele hiyo ni nini, kuna mtu mwingine chumbani? Nikamwandikia ni mvua. Akauliza tena, mvua gani? Nikainua uso kwenye kamera nikanyoosha kidole juu. Nafikiri aliridhika. Dakika kama mbili zilipotea hapo, na maswali matatu ya mwisho nilibahatisha. Vizibo laini vya masikio vinaruhusiwa, nilikuwa navyo kwenye pochi, nje ya chumba, ambako havikunifaa kitu.

Majibu yalitoka baada ya wiki tatu hivi: 159. Kwa shule kama Yale au Harvard hiyo si kitu, huko wanaoingia wengi wana zaidi ya 170. Kwa shule za kati inatosha kusikilizwa. Unaruhusiwa kuufanya mara saba tu maisha yako yote, na mimi sikurudia.

Ambacho hakuna kozi iliyonieleza ni makaratasi. LSAC wanakusanya kila kitu wao, huduma inaitwa CAS, ada yake ni zaidi ya dola 200, na mtihani wenyewe pia ni zaidi ya dola 200. Transkripti lazima itoke chuoni iende kwao moja kwa moja, Newtown, Pennsylvania. Ikipita mkononi mwako haihesabiki. Nikaenda chuoni nilikosoma, Iringa. Dada wa dirishani akanipa bahasha. Nikamweleza. Akasema, "Sisi tunampa mhitimu mwenyewe, dada yangu, ndiyo utaratibu." Nikarudi Mbeya. Nikachapisha ile fomu ya LSAC ya kuombea transkripti, nikapanda basi tena, saa sita njiani kwa foleni ya malori, nikaiweka mezani kwa bosi wake. Alipoona fomu yenye nembo, ndani ya nusu saa mambo yakaisha. Gharama ya kutuma nikalipa mimi. Ukianza maombi, anza na hili, hata kabla ya mtihani.

Barua za mapendekezo nazo: mkuu wangu aliandika mistari minne kwamba nina nidhamu na nawahi kazini. Nikamwomba kwa heshima aandike mfano mmoja wa kazi niliyoifanya, akakumbuka klabu ya midahalo, akaandika ukurasa mzima mzuri.

Ada za maombi ziombeeni msamaha. Niliandikia shule nne barua pepe fupi, tatu zikanisamehe. Moja imenikubali na kunipunguzia nusu ya ada. Hiyo nusu nyingine ni mshahara wangu wa miaka sijui mingapi, kwa hiyo nimewaandikia waiangalie upya, nasubiri. Pia LSAC wametangaza kwamba kuanzia Agosti 2026 watahiniwa wengi watafanyia kwenye vituo, siyo nyumbani, basi aliye Mbeya au Njombe ajipangie na nauli na pa kulala.

Kuhusu ile kozi: usajili wake unajirudia wenyewe kila mwezi. Nilibonyeza kusitisha siku mbili baada ya mtihani, nikapata ujumbe wa kuthibitisha, na mwezi uliofuata wakakata tena kwenye kadi. Nimewatumia picha ya ujumbe wao wenyewe mara tatu. Hadi naandika hapa hizo dola 80 hazijarudi.