Tochi ionekane hata stima ikipotea: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Hapa Kisumu mvua kubwa hupenda jioni. Radi ikipiga mara mbili tatu upande wa ziwa, stima huenda, na kwa kuwa jua letu hutua kabla ya saa moja mwaka mzima, giza huwa tayari limeingia. Karibu kila nyumba ina tochi. Kuipata ndiyo kazi. Anayepapasa gizani huangusha chupa, humkanyaga mtoto aliyelala mkekani, au huchoka akawasha koroboi karibu na pazia. Kwa hiyo kabla hujanunua tochi ya pili yenye mwanga mkali zaidi, tumia pesa kidogo kuifanya hiyo uliyo nayo ionekane. Nimepanga njia zinazouzwa kuanzia ninayoiamini kuliko zote.

1. Tepu ya kijani inayong'aa gizani

Tepu hii hunyonya mwanga wa jua au balbu, kisha huutoa polepole taa zikizimika. Haina betri wala waya. Ila zipo aina mbili, na dukani zinafanana kabisa. Ya zamani ina salfaidi ya zinki, ile ya stika za nyota za vyumba vya watoto, na hufifia upesi hata kabla hujalala. Mpya ina aluminati ya strontiamu, iliyotolewa na kampuni ya Nemoto ya Japani mwaka 1993. Nguvu yake na muda wake wa kung'aa hukaribia mara kumi ya ile ya zinki, hivi kwamba ikipata mwanga wa kutosha jioni, bado utaiona alfajiri, japo kwa unyonge.

Utazitofautishaje? Imulike tepu kwa tochi ya simu nusu dakika, uifunike kwa viganja na kuchungulia. Zote mbili zitang'aa, kwa hiyo usilipe bado. Iweke mfukoni, endelea na manunuzi mengine, kisha urudi kuichungulia baada ya robo saa. Ya zinki itakuwa karibu imekufa. Muuzaji akikukataza jaribio hilo, nenda kwa mwingine. Maduka ya vifaa vya zimamoto ni mahali pazuri pa kuulizia, kwa sababu vibao vinavyong'aa vya kuonyesha njia ya kutokea hutengenezwa kwa aluminati hiyo ya strontiamu.

Chagua kijani, si bluu wala waridi. Jicho likizoea giza, rangi linayoihisi zaidi ni ya kijani inayoelekea bluu, na kijani ya strontiamu iko karibu sana na hapo. Lakini kuzoea giza kikamilifu huchukua dakika 20 hadi 30, kwa hiyo stima ikipotea ghafla usishtuke kuona tepu hafifu. Tulia kidogo, uangalie pembeni mwake badala ya kuikazia macho. Ukingo wa jicho huona gizani vizuri kuliko katikati.

Ibandike ikizunguka mwili wa tochi, ili ionekane hata ikibingirika. Pangusa mafuta kwa spiriti kwanza. Strontiamu huharibiwa na maji, kwa hiyo nunua yenye uso wa plastiki, na ukiikata, ziba kingo kwa selotepu angavu. Halafu itundike tochi kwenye msumari mahali balbu inapofika. Ukiifungia kwenye droo, tepu haitapata mwanga wowote wa kuhifadhi, na pesa yako imepotea.

2. Tochi yenye kitaa kidogo kisichozimika

Hii haingoji kumulikwa, na kwa chumba kisicho na dirisha wala balbu naiweka mbele ya tepu. Tatizo ni betri. Kitaa kizuri hula mkondo wa umeme wa milliampea 0.05 tu, yaani takriban milliampea-saa 440 kwa mwaka mzima, wakati betri moja ya AA ya alkalini hubeba 2,000 na zaidi. Kitaa kibovu kinachokula milliampea moja huimaliza betri hiyo kwa takriban miezi mitatu, na tochi inakufa siku unayoihitaji. Fundi wa simu anaweza kukupimia kwa mita yake kabla hujalipa. Mwombe.

3. Tepu ya reflekta

Ni ile ya malori na fulana za boda boda. Maduka ya spea hukukatia kipande. Ni bei nafuu na haichoki kwa miaka, ila yenyewe haina mwanga. Inakurudishia ule unaoutuma, na huurudisha kuelekea ulikotoka. Ndiyo maana anayeshika simu kiunoni haoni kitu. Inua simu hadi kando ya jicho, na tepu itawaka upande wa pili wa chumba. Nunua nyeupe badala ya nyekundu, kwa kuwa nyeupe hurudisha mwanga mwingi zaidi. Hata kwa rangi ya tochi yenyewe, nyekundu huwa nyeusi machoni mara giza linapoanza, hivyo chukua ya manjano au nyeupe.

Ukiweza, changanya namba moja na namba tatu kwenye tochi moja. Gharama ni ndogo, na moja hufanya kazi pale nyingine inaposhindwa.

Za kuacha

Vifaa vya bluetooth vinavyolia ukibonyeza simu: kama simu ina chaji na iko mkononi, tayari una tochi. Vile vinavyoitikia mluzi au makofi hulia hata redio ikipiga, na havikusikii mvua inaponyesha juu ya mabati. Ukikutana mtandaoni na vijichupa vya tritiamu, ni kweli hung'aa miaka mingi bila kumulikwa, maana nguvu yao hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Lakini ni gesi ya mionzi ndani ya kioo chembamba. Katika nyumba yenye watoto, sivinunui.