Uzoefu wangu: kongamano la arkea Mombasa na warsha yake ya maabara

Kongamano hili la Nyali, kuhusu arkea (viumbe wa seli moja wasio bakteria), lina malipo mawili, ya ukumbi na ya warsha ya maabara. Pesa ikiwa haba, lipia maabara. Mihadhara ilipita njia ileile, Woese na Fox wa 1977, walioonyesha kuwa arkea si bakteria, kisha Asgard, kundi la arkea lililo karibu zaidi na viumbe kama sisi, kisha chai. Mabango yalitundikwa varandani, na unyevu wa pwani ukayakunja kabla ya adhuhuri. Lako lichapishe kwenye kitambaa.

Warsha ilitumia maji mekundu ya mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi, kukuza arkea wapenda chumvi. Kwa lita moja ya chakula cha kuwakuzia: chumvi gramu 200, salfeti ya magnesiamu 20, sitreti ya sodiamu 3, kloridi ya potasiamu 2, dondoo la hamira 10, kaseini iliyovunjwa kwa asidi 7.5 na agari (unga wa mwani unaogandisha chakula) 20. pH iwe 7.2 hivi. Mwongozo ulisema vyote vitiwe chombo kimoja. Hapo ndipo agari ilipofanya madonge, maana haiyeyuki vizuri kwenye chumvi nyingi. Iyeyushe peke yake kwa mililita 400 za maji yanayochemka, vingine viyeyushe kwa 600, changanya vyote vikiwa moto na umimine haraka. Sahani zifungwe kwenye mfuko wa plastiki, nyuzi 37 hadi 40, wiki moja au mbili. Zikikauka hutoa fuwele, na wengi walizihesabu fuwele hizo wakidhani ni koloni, yaani vikundi vya arkea. Gusa kwa kitanzi cha waya cha maabara: koloni hupakika kama rangi, ya waridi au nyekundu, fuwele hukwaruza.

Darubini nayo ilileta zogo. Ukitonesha maji ya bomba kwenye slaidi, seli, zilizozoea chumvi nyingi, zinapasuka zote na huoni kitu. Ukitaka kupaka rangi, kausha tone, kisha ulishikize slaidini kwa asidi asetiki ya asilimia 2 kwa dakika 5. Kupasuka huko kuna faida yake wakati wa kutoa DNA, maji yaliyokenekwa yanatosha, ila mwaga kwanza maji ya chumvi yote, la sivyo PCR, yaani kuzidisha nakala za DNA, itakwama. Na praima (kipande cha DNA cha kuanzishia PCR) ya 27F iache nyumbani, ni ya bakteria. Tumia 21F na 958R.

Kipindi cha methanojeni, arkea watoao methani na wasiostahimili oksijeni, hakikufaa kitu. Resazurini, rangi ya kuonyesha oksijeni, ilipaswa kubaki bila rangi. Chupa karibu zote zikageuka waridi, yaani oksijeni imeingia. Naitrojeni ya kujazia chupa ilikuwa ya viwandani, haikupitishwa kwenye shaba moto kuondoa oksijeni, na vizibo vya mpira vilishatobolewa sindano mara nyingi. Sisteini, kemikali inayotiwa ili kuondoa oksijeni, haiwezi kumaliza oksijeni inayoingia kila saa. Mwezeshaji alisema ni joto la Mombasa. Si joto.

Wakiandaa tena, kabla hujalipa uliza naitrojeni ni ya daraja gani na kama vizibo ni vipya.