Kijitabu cha Frimasoni wa Marekani kinachouzwa stendi: sura mbili nzuri, nyingine peleka kwenye chujio

Kinauzwa na wamachinga wa magazeti stendi ya Mtwara mjini, kwenye nailoni moja na vitabu vya tafsiri za ndoto. Bei ya kuanzia 5,000. Mimi tulimalizana kwa 3,500. Hakina jina la mwandishi wala mchapaji. Jaladani kuna skwea, bikari na jicho, na nyuma yake Washington kavaa aproni.

Mimi ni fundi mwashi, kazi zangu nyingi ziko Shangani na Mikindani, hivyo macho yalikwenda kwenye vifaa kabla ya maneno. Aliyechora ile skwea hajawahi kuishika. Imepanuka kupita digrii 90. Ukifuata kona ile, chumba hakifungi na mwenye nyumba atakuita mwizi.

Ila sura ya jiwe la msingi imenilipa hela yangu yote. Septemba 18, 1793, George Washington, akiwa rais, alivaa aproni ya Kifrimasoni na kuandamana na wenzake wa loji, yaani tawi la Frimasoni, hadi kwenye mtaro wa msingi wa jengo la Bunge, lile la Capitol. Akashuka, wakaweka jiwe na bamba la fedha lenye maandishi, wakatia nafaka, divai na mafuta, kisha wakachoma ng'ombe wa ratili 500 wakala. Na jiwe lenyewe? Jengo limeongezwa na kukarabatiwa, jiwe limetafutwa, na mpaka leo hakuna wa kukuonyesha kwa uhakika kwamba ni hili hapa. Nilirudia ukurasa huo nikicheka peke yangu. Huku kwetu jiwe la msingi huwekewa kibao cha marumaru chenye jina la mgeni rasmi, na wakati mwingine kibao kinalitangulia jengo kwa miaka.

Orodha ya marais isomeni mkiwa na kalamu. Wametaja 17. Waliothibitika kuwa wanachama kamili ni 14, wa kwanza Washington, wa mwisho Gerald Ford. Futa Jefferson, Lincoln na Kennedy, hawakuwemo. Lyndon Johnson alichukua daraja la kwanza tu mwaka 1937, hakuendelea, na hapo kijitabu kimepatia kumwacha nje.

Kinachokera ni ule wimbo wa utajiri, kwamba kila aliyeingia aliota hela. Harry Truman aliingia 1909, akafika kuwa Mkuu wa loji zote za jimbo la Missouri mwaka 1940. Katikati hapo, 1922, duka lake la nguo za kiume mjini Kansas City lilifilisika na madeni akayalipa kwa miaka. Kijitabu kina picha yake kubwa kabisa, lakini duka halitajwi hata kwa mstari mmoja. Wangelitaja, kurasa tano za mbele zingekosa kazi.

Upande wa wanajeshi wameandika vizuri zaidi. Jenerali MacArthur yumo, aliyepokelewa Manila mwaka 1936. Kisa cha mapigano ya Gettysburg, kwenye vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini na Kusini, kinasisimua: Julai 3, 1863, Jenerali Armistead wa Kusini anaanguka na jeraha mbele ya mizinga ya adui, na afisa wa Kaskazini, Kapteni Bingham, Frimasoni mwenzake, anamsaidia na kuchukua saa na vitu vyake vya thamani ampelekee Hancock, jenerali wa Kaskazini na rafiki wa zamani wa Armistead. Mwandishi akanogesha kwamba Hancock mwenyewe alikuja kumpakata. Atamfikiaje, naye alikuwa amejeruhiwa siku hiyohiyo?

Na Prince Hall wamemruka kabisa! Mtu mweusi wa Boston, aliyeingizwa mwaka 1775 na loji ya wanajeshi wa Kiingereza, akapata hati kutoka Uingereza iliyotolewa 1784, na kutoka kwake zikazaliwa loji za Wamarekani weusi. Humo alitoka Thurgood Marshall, jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani, ambaye mwaka 1960 alikuwa London akiwasaidia Wakenya kwenye mazungumzo ya katiba yao. Msomaji wa huku angeanzia hapo.

Ukurasa wa mwisho una namba ya simu "kwa wanaotaka kujiunga". Kibarua wangu alikiona kijitabu tukipumzika, akauliza hata kabla ya salamu, "Fundi, namba ipo humo?" Nikamwambia, "Mdogo wangu, ukiwapigia watakuomba ada ya fomu, halafu ya pete, halafu simu haipokelewi." Nimeuchana ukurasa huo, nawe fanya hivyo kabla hujamwazima mtu.

Gundi ni mbovu, kurasa za Gettysburg zimeshanitoka na nimezishona kwa uzi wa nyavu. Usizidishe 3,500. Anayejua toleo lenye sura ya Prince Hall aniambie, hilo nitalinunua bila kuomba punguzo.