Tahadhari: Fundi wa nyasi bandia anayepokea malipo ya awali na kuacha kiwanja kibovu

Ndugu wazazi na wenye nyumba mnaofikiria kuwawekea watoto kiwanja kidogo cha nyasi bandia nyuma ya nyumba, naomba msome maelezo haya kabla hamjatuma fedha kwa mtu yeyote. Sitaji jina la mhusika kwa sababu shauri limeshafikishwa panapohusika, na pia kwa sababu jina la ukurasa wake na namba zake za simu vimeshabadilika. Kinachobaki vilevile ni namna anavyofanya kazi.

Mwezi Januari nilikubaliana naye aniwekee kiwanja cha mita 8 kwa 15 nyumbani kwangu Goba, Dar es Salaam, kwa shilingi 9,000,000. Alitaka asilimia 70 itangulie, akidai kwamba mzigo umefika bandarini na unasubiri kutolewa. Nikatuma shilingi 6,300,000 kwa simu. Jina lililotokea kwenye ujumbe wa muamala lilikuwa la mtu binafsi, si la kampuni iliyoandikwa kwenye karatasi ya makadirio, na nilipouliza nikaambiwa kuwa huyo ni mhasibu wao. Nilikubali jibu hilo, na ndilo kosa ninalolijutia kuliko yote.

Sampuli aliyonionesha siku ya kwanza ilikuwa na nyuzi za milimita 50, nene na zilizosimama. Nyasi zilizoshushwa zilikuwa za milimita 30, na katikati ya nyuzi za kijani mlikuwa na nyuzi za kahawia zilizojikunja. Sikufahamu wakati ule kwamba nyuzi hizo za kahawia huwekwa kwenye nyasi za mapambo, zile za bustani na roshani, ili zifanane na majani makavu ya asili, ilhali nyasi za kuchezea mpira zinazojazwa mchanga kwa kawaida hazina nyuzi hizo, kwa sababu nafasi iliyo kati ya nyuzi huachwa kwa ajili ya mchanga wenyewe. Isitoshe, roli za nyasi hizi, yaani zulia zilizoviringishwa, kwa kawaida huwa na upana wa mita 4, kwa hiyo kiwanja changu kingetosha kwa roli mbili na kiungo kimoja tu katikati. Kilichopo ni vipande saba, masalia ya kazi za watu wengine, na viwili kati yake vimegeuzwa hata nyuzi zake zinalalia upande tofauti, ndiyo maana ukisimama barazani unaviona vimekoza rangi kuliko vingine.

Hata hivyo, ubovu mkubwa uko chini, mahali ambapo mteja haoni. Vijana wake walikwangua udongo sentimita 5 hivi, wakamwaga vumbi la mawe moja kwa moja juu yake, wakalisawazisha kwa reki na kulishindilia kwa kigogo. Hapakuwa na kokoto, hapakuwa na mashine ya kushindilia, wala kitambaa cha kutenganisha udongo na vumbi. Kwa mchanga wa kujazia wakaleta viroba vinane vya kilo 50. Nyasi za milimita 50 tulizokubaliana huhitaji kilo zaidi ya 10 kwa kila mita ya mraba, maana yake mita 120 hazipungui tani moja na kilo 200, nasi tulipewa kilo 400. Nilipochota ule mchanga kiganjani nikakuta vipande vya makombe: ulikuwa mchanga wa ufukweni, si ule wa silika uliooshwa.

Magugu ya ndago yalitoboa nyasi kabla ya wiki nne kwisha. Masika yalipoanza, maji yalituama siku tatu katikati ya kiwanja kwa sababu hakikupewa mwinamo wowote, na kiungo kimoja kikaachia. Mwanangu wa miaka 11 alijikwaa hapo akateguka kifundo cha mguu. Niliinua ukingo ule kwa mkono wangu, ukabanduka wote bila nguvu. Hapakuwa na utepe wa kuungia chini yake, bali michirizi ya gundi ya viatu iliyokauka. Nilimpigia simu siku hiyo hiyo, akaahidi kuja Jumamosi, na tangu hapo hapatikani.

Kwa anayetaka kuendelea na kazi kama hii, msingi unaofaa kwa kiwanja cha nyumbani huchimbwa sentimita 15 hadi 20, hujazwa kokoto zinazoshindiliwa kwa tabaka, kisha vumbi la mawe juu, na huwekewa mwinamo wa takriban sentimita moja kwa kila mita kuelekea maji yatakakotokea. Mwambieni fundi aupime mwinamo huo mbele yenu kwa mpira wa maji, yaani bomba laini lililojazwa maji la kulinganishia usawa, kabla nyasi hazijatandikwa. Kateni kipande cha sampuli, mtie saini nyote wawili nyuma yake, mkihifadhi, na mzigo ukishushwa pimeni nyuzi kwa rula kuanzia kwenye kitako hadi nchani. Malipo yafuate hatua za kazi, yaende kwenye akaunti yenye jina la kampuni, na mdai risiti ya mashine ya EFD, ile ya kodi. Jina la kampuni hutafutwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na anayejiita mkandarasi anapaswa kuwa amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Mimi niliuliza haya yote baada ya kulipa.

Jambo la mwisho ni kuhusu picha anazozitumia. Iliyonivutia mimi ina ukuta wa buluu na mwembe upande wa kushoto. Nimempata mwenye kiwanja hicho, naye amenithibitishia kwamba kilijengwa na fundi mwingine kabisa. Yeyote anayeoneshwa picha hiyo sasa hivi, amwombe mhusika ampeleke pale akakione kwa macho yake.