Mzani huu ulitaka kunitoa jicho

Nyota moja. Labda nitaibadilisha hasira zikishuka, labda sitaibadilisha.

Naishi Idaho, nina bunduki ya .300 Winchester Magnum ya kuwindia elki, yule kulungu mwenye mwili wa ng'ombe, na risasi zangu najaza mwenyewe mezani kwangu. Za dukani bei yake ilishanishinda. Maganda naokota baada ya kupiga, kalibu za kuyarudishia umbo ninazo, na fataki, vile vidude vya kitakoni vinavyowasha baruti, nilizihangaikia kipindi kile cha uhaba mpaka nikawa nawahi dukani alfajiri kama mtu wa foleni ya mafuta ya taa. Mzani wangu wa zamani wa kupimia baruti, ule wa mkono na vijiwe, ni mkweli ila unakwenda taratibu kama mgonjwa anayekunywa uji. Ndiyo nikanunua huu wa kidijitali. Namba za bluu, kisahani kinang'aa. Wiki ya kwanza niliusifia mpaka watu wakanichoka.

Halafu nikaenda kwenye shabaha. Bunduki ambayo kwa yadi 100 hunipa matundu matatu yaliyobanana, siku hiyo ilitawanya kama mtu anayewatupia kuku mtama. Risasi ya tano, komeo likagoma kuinuka. Nikalipiga kiganja, wapi. Nikapiga tena ndipo likaachia. Ganda likatoka na fataki imelala bapa kama chapati. Wanaojaza risasi wameshaelewa: hapo kuna baruti iliyozidi. Na hii .300 ni mnyama ambaye shinikizo lake, likiwa la kawaida tu, hufika pauni 64,000 kwa kila inchi ya mraba, hapo hapo karibu na shavu langu. Nikafunga virago.

Kwanza nililaumu maganda. Hii .300, iliyotoka mwaka 1963, ganda lake lina mkanda kitakoni, urithi wa risasi ya .375 ya Holland & Holland ya 1912, ile ambayo wawindaji wa kitalii kule kwetu Tanzania wanaibeba mpaka leo. Ukitegesha kalibu kwa kufuata ule mkanda badala ya bega la ganda, pale linapoanza kubana kuelekea shingoni, shaba inavutika mbele ya mkanda kila unapopiga, mwisho ganda linakatika humo humo ndani ya bunduki. Mimi nategesha kwa bega. Hata hivyo nikachukua waya wa kubania karatasi, nikaukunja ncha, nikapapasa ndani ya maganda yote moja moja nikitafuta mfereji. Hakuna. Maganda mazima.

Nikaugeukia mzani. Nikaweka baruti kisahanini, nikapima, nikakiinua, nikakirudisha. Mara tatu, baruti ile ile, namba tatu tofauti, na ya juu imeipita ya chini kwa nusu greni nzima, yaani nusu ya kile kipimo kidogo tunachopimia baruti. Nikaondoa kila kitu: 0.0. Nikakunja mikono nikautazama. 0.1. 0.2. Hata inzi hakutua. Ikarudi sifuri, ikateremka chini ya sifuri. Muuza dagaa akikupunja angalau unauona mkono wake!

Nikapiga simu kwa walioniuzia. Kijana akauliza kama niliuacha uwake nusu saa kabla ya kupima. Niliuacha. Simu ya mkononi ilikuwa mbali? Ilikuwa mbali. Akanyamaza kidogo, halafu, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, akasema, "Bwana, una uhakika hii kazi unaiweza?"

Lafudhi yangu ndiyo iliyomponza, naona. Mimi nimelelewa na mzee aliyepima baruti ya gobore kiganjani, akarudi na nyama na vidole vyake vyote kumi. Leo mtoto wa kwenye simu aniulize kama naiweza!

Nilikata. Jioni hiyo nikazivunja risasi 43 zilizobaki kwa ile nyundo ya kung'olea vichwa vya risasi kwenye maganda: ko, ko, ko juu ya gogo, mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio. Baruti yote nikaenda kuitawanya kwenye nyasi. Usirudie kuitumia baruti ambayo hujui imepimwaje, na kiasi ninachojaza mimi sikiandiki hapa, kila bunduki ina chake.

Sasa hapa ndipo panaponiuma. Juzi nimeinama kuokota fataki, nikasikia upepo shingoni. Tundu la hita lilikuwa linapuliza moja kwa moja juu ya meza. Nikauhamishia mzani stoo, nikaweka jiwe la kujaribia. Jioni nzima haukutikisika.

Kwa hiyo mzima? Basi nyota tatu. Lakini subiri: mfuniko wao una pengo la kupitisha kidole, na kitabu chao kimejaa maonyo ya kutoutia majini, kana kwamba kuna mtu anapima baruti kwenye karai. Neno upepo sijaliona. Nyota mbili. Na nikiikumbuka ile "Bwana", inarudi moja.

Yule kijana simpigii kumwambia habari za hita. Risasi za msimu huu nimezipima kwa mzani wa vijiwe, na huu wa bluu uko stoo, umezimwa.