Miezi 14 na jeti yangu ya rimoti: injini haikunisumbua, mpira wa mafuta ndio ulionitoa jasho

Nianze na harufu. Siku ya kwanza nilipoiwasha injini hii, nyuma ya ghala la klabu yetu ya ndege ndogo za rimoti huku Bedfordshire, Uingereza, ulitoka moshi mwepesi mweupe nami nikajikuta Tanga, jikoni kwa bibi, jiko la mchina linawashwa kwa chai ya alfajiri. Watu wakisikia "injini ya jeti" wanadhani inatumia kemikali ya ajabu. Ni mafuta ya taa yale yale, umeyachanganya na oili ya turbini asilimia tano. Huku Uingereza mimi nanunua yale ambayo watu wa vijijini wanachomea boila za kupashia nyumba joto.

Nilichonunua ni injini ya turbini ya daraja la nyutoni 100, maana yake inasukuma kama kilo kumi. Yenyewe ina uzito wa kilo moja na ushei, na unene wa kopo dogo la maziwa ya unga. Nikaiwekea ndege ya kujifunzia ya mbao na plaiwudi, mabawa manene, mikia miwili, miguu ya kukunja kwa umeme. Injini pauni 1,900, ndege 1,300, vingine vyote (mota za usukani, betri, kipokezi cha rimoti, mipira ya kupitishia mafuta, mtungi wa kuzimia moto) kama 1,000. Mama watoto anajua sehemu ya hesabu hiyo. Majina ya kampuni nayaacha makusudi, kwa sababu nina malalamiko huko chini na mengine yanarudi kwangu mwenyewe. Tena injini za daraja hili zinafanana kama mapacha.

Kabla ya hapa nilikuwa nimerusha ndege za umeme miaka minane. Nasema hivi kwa yule anayefikiria kuruka moja kwa moja hadi kwenye turbini: usithubutu. Hata mimi mzee mmoja wa klabu alikataa nirushe peke yangu. Tuliunganisha rimoti mbili, yake na yangu, akawa anaweza kuninyang'anya ndege kwa kubonyeza swichi moja. Alininyang'anya mara nne katika safari sita.

Kuwasha kwenyewe si kazi yako. Unapandisha kijiti cha mafuta, unakishusha, kisha kompyuta ndogo ya injini inashika kazi. Mota ya mbele inazungusha shafti, plagi ya kauri inaiva nyekundu, pampu inaanza kudondosha mafuta tone kwa tone. Unasikia "puf". Joto linapanda kwenye kioo cha kusomea, mluzi unageuka kilio chembamba, na ikifika mizunguko elfu arobaini na kitu kwa dakika inatulia na kukukabidhi. Kama dakika moja hivi. Ukiikaza hadi mwisho inafika 150,000. Rudia kusoma namba hiyo, kisha kumbuka kwamba injini ya gari lako ikifika 6,000 unaanza kuomba dua. Ukizima, ile mota ya mbele haikuachi; inaendelea kuizungusha kidogo, inaacha, inazungusha tena, kama bibi anayepoza uji wa mtoto, hadi joto lishuke chini ya nyuzi 100.

Nilipofungua kijitabu na kuona mchoro wa ndani nilicheka. Gurudumu moja la kukandamiza hewa mbele, chemba ya moto katikati, gurudumu moja la panga nyuma, beringi mbili. Basi. Beringi zenyewe zinalainishwa na mafuta hayo hayo unayochoma, ndiyo maana ile oili asilimia tano haina mjadala. Mjerumani Kurt Schreckling, mmoja wa waliowafungulia watu wa kawaida mlango huu mwishoni mwa miaka ya 1980, alitengeneza gurudumu lake la kukandamiza hewa kwa plaiwudi iliyozungushiwa nyuzi za kaboni. Plaiwudi! Waliofuata wakaona ya nini tabu, wakachukua gurudumu la tabo (turbo) ya gari. Kabla yao, mwaka 1983, Mwingereza Jerry Jackman alikuwa amerusha ndege ya rimoti yenye turbini, na hiyo ilichoma gesi. Sisi tunafungua boksi, tunachomeka nyaya tatu, halafu tunalalamika.

Tahadhari ya moto isikupite. Mtungi wa kaboni dayoksaidi uwe mkononi mwa mtu wa pili, si kwenye buti ya gari. Usitumie ule wa unga. Utazima moto na kuiua injini kwa pamoja. Mwezi wa pili injini yangu ilikataa kushika mara ya kwanza, nami kwa haraka nikairudia papo hapo bila kuinua pua ya ndege ili mafuta yaliyobaki ndani yatoke kwa nyuma. Ikashika, na ulimi wa moto wa urefu wa mkono ukachomoka ekzosi. Mzee alisimama na mtungi wake ameuelekeza mdomo wa mbele, hakubonyeza. "Subiri," akasema. Mota ikaendelea kuzungusha, moto ukapulizwa nje, ikaunguruma kama kawaida. Rangi ya mkia imebabuka na sijaipaka tena.

Hewani sasa. Utamu wake sijui nikueleze vipi. Ndege ya umeme inalia kama nyuki. Hii inapita na mlio unaokuja nyuma yake, halafu inabaki ile harufu. Kipimo changu kimeshaonyesha zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na hii ni ya wanafunzi. Ila ina tabia moja ambayo hakuna tangazo linalokwambia kwa herufi kubwa: inachelewa kujibu. Kutoka mzunguko wa chini hadi nguvu zote ni kama sekunde nne. Ndege ya umeme ukitaka nguvu umeshapata. Turbini unaagiza, halafu unasubiri uletewe, kama chai ya mgahawani saa ya msongamano. Kwa hiyo unapokuja kutua huwezi kuishusha nguvu kabisa ukitegemea utaiamsha mambo yakiharibika. Unakuja na nguvu kidogo, vibao vya mabawa vimeshushwa vyote, na uamuzi wa kutua au kuzunguka tena unaufanya mapema, ukiwa bado mbali. Hata ikishatua, mzunguko wa chini peke yake unaisukuma ndege kwenye lami. Bila breki itakwenda kukusalimia majanini.

Safari ya kumi na moja ndiyo iliyoleta haya maandishi. Juni, jua zuri, upepo mdogo. Dakika ya tano, ndege ikiwa upande wa mbali, mlio ukayumba: ukashuka, ukapanda, ukashuka tena, kisha kimya. Ukimya wa turbini hewani ni kitu kibaya sana. Kilo tisa za mbao na vyuma zinateleza kuelekea chini na wewe una jaribio moja. Nilisukuma pua chini ili isipoteze mwendo, nikaikata kona mapema, lakini uwanja haukufika. Ikalala ndani ya shamba la ngano mita sitini kabla ya lami. Mguu wa mbele ulivunjika na ubao uliokuwa umeushika ukang'oka. Mabawa mazima, injini nzima.

Kompyuta ya injini inahifadhi sababu ya kuzimika, na yangu ilisema moto umezimika hewani. Ahsante, hilo nililiona. Niliwaandikia walioniuzia. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, likinishauri niirudishe injini kwa uchunguzi, gharama za kutuma juu yangu. Mguu wa mbele niliouagiza kwao ulichukua wiki nyingine tano. Hilo ni lalamiko langu kubwa kwao na silipunguzi: ukiuza kitu cha maelfu ya pauni, jibu barua ndani ya siku mbili.

Wakati nasubiri nilimtumia ba'mdogo video iliyopigwa na jamaa wa klabu. Ba'mdogo yupo Tanga, ameendesha malori ya Isuzu kati ya Tanga na Lushoto maisha yake yote, na turbini hajawahi kuigusa. Akapiga simu usiku ule ule.

"Shikamoo ba'mdogo."

"Marahaba mwanangu. Nimeiona video yako. Imeingiza upepo hiyo."

"Ba'mdogo, hii ni jeti."

"Inakunywa nini?"

"Mafuta ya taa."

"Kwa pampu?"

"Kwa pampu."

"Basi imeingiza upepo. Umesikia ilivyokuwa inapanda na kushuka kabla ya kuzima? Mimi nimelala Mombo siku mbili kwa mlio huo."

Kisha akanipa kitu ambacho kijitabu chote hakina. Niangalie upande wa kunyonya, akasema, kati ya tangi na pampu. Upande wa kusukuma ukivuja utaona mafuta yanadondoka, hata kipofu atayanusa. Upande wa kunyonya ukiwa na tundu huoni hata tone, kwa sababu mafuta hayatoki. Upepo ndio unaoingia.

Nilifanya kama fundi wa pancha. Nikatoa mipira yote ya upande huo, nikaziba ncha moja, nikasukuma hewa kwa bomba la sindano, nikapaka povu la sabuni kila kiungio. Kwenye kile kinachoingia kwenye kikombe cha kunasia hewa, vipovu vidogo vikaanza kuchemka taratibu. Nikauchomoa mpira. Ncha yake ilikuwa imekatwa mshazari. Viungio hivi ni vya kusukumiza tu, ndani kuna kimpira cha duara kinachoubana mpira pande zote. Ncha ikiwa mshazari, upande mmoja haubanwi. Na aliyeukata kwa kisu cha jikoni, kwa haraka, usiku wa kuamkia safari ya kwanza, ni mimi.

Nimejilaumu, lakini nao sitawaachia. Mipira iliyokuja kwenye boksi ilikuwa migumu na ya rangi nzito, huoni ndani. Ingekuwa inaangaza ningeviona vipovu nikiwa bado chini. Kifaa cha kukatia mipira kwa unyoofu ni pauni nane; kwa bei ya injini hii kingepaswa kuwemo ndani ya boksi, kimefungwa kwa utepe mwekundu. Nimebadilisha mipira yote ya kunyonya nikaweka inayoangaza, nimenunua kikatio, na kabla ya kila safari napandisha nguvu hadi mwisho sekunde kumi ndege ikiwa imeshikwa, macho yangu yakiwa kwenye mpira na siyo kwenye moto. Tangu hapo safari 43, haijazima hata mara moja.

Ukitaka maksi: injini nne na nusu kati ya tano, nusu nimeikata kwa ajili ya betri yake, ambayo lazima uichaji kila baada ya safari tatu. Ndege tatu, inaruka kwa adabu na inasamehe, ila skrubu sita hazikuwemo na mbao zinazoshika mguu wa mbele zinahitaji gundi ya ziada kabla hujairusha. Mipira na viungio vya kwenye boksi, moja. Huduma baada ya mauzo, hata hiyo moja sijui.

Matumizi: tangi langu ni lita tatu, saa nimeitega dakika nane, na natua na kama lita moja imebaki. Usiipunguze hiyo akiba, maana ukikosea kutua mara ya kwanza utahitaji mzunguko mwingine, na mzunguko huo unakunywa. Kijitabu kinataka injini irudi kiwandani kukaguliwa na kubadilishwa beringi kila saa 25 za kazi. Mimi nipo saa ya nane, kwa hiyo hilo sijaweza kulipima.

Upande wa sheria, huku unafanya mtihani mfupi mtandaoni, unapewa namba na CAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza, unaibandika kwenye ndege. Bima mimi ninayo kupitia uanachama wa BMFA, chama cha warusha ndege ndogo huku Uingereza. Aliye nyumbani aanze kugonga mlango wa mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya, kabla ya kutoa hata senti, maana ndege zisizo na rubani zinahitaji kibali, na turbini si kitu cha kukirusha kwenye uwanja wa mpira.

Wiki iliyopita nilimtumia ba'mdogo video nyingine, ndege imepita chini ya uwanja wote kwa nguvu zote na kupanda wima. Akapiga.

"Imepona," akasema. "Inakunywa kiasi gani?"

"Lita mbili kwa dakika nane."

Akanyamaza kidogo. Nilimsikia akipiga hesabu.

"Na haibebi kitu?"

"Haibebi kitu, ba'mdogo."